Kipande cha Dufie

Taa ya skana ilikuwa inawaka samawati, na Konadu alikuwa na hakika kwamba ameichomoa kwenye umeme. Akautazama waya. Ulikuwa sakafuni, umejikunja. Akajiambia labda ina betri. Haina betri, na yeye alilijua hilo, ila mwenye hatia hupenda majibu mepesi.

Hatia yenyewe ilikuwa ya juzi. Duka lake pale Bantama, mjini Kumasi, hutengeneza mabango ya misiba, yenye picha ya marehemu na majina ya watoto wake. Dufie, binti wa nje ya ndoa, alimletea picha pekee nzuri ya baba yake, marehemu Opanin Agyekum. Mzee kaketi kitini, Dufie wa miaka mitano kapakatwa.

"Shangazi, jina langu litakuwemo?"

"Wewe si mtoto wake? Litakuwemo, mwanangu."

Binti akaondoka na furaha yake, maana kwao watoto ndio wanaompelekea baba jeneza, na asiyetajwa kwenye bango haruhusiwi kulishika.

Jioni akaja mkuu wa ukoo wa marehemu. "Yule wa kando simtaki. Mwondoe, jina na sura." Konadu hakubisha, kwa kuwa ukoo ule humletea kazi kila msiba. Akachukua mkasi akaikata picha yenyewe mbele yake, kipande cha Dufie akakitia kwenye kopo la biskuti. Mama yake Konadu alimkataza kutupa sura ya mtu aliye hai, na kopo lile lilikuwa karibu kujaa vipande vya namna hiyo.

Tangu hapo skana iligoma kushika waifai. Mazishi ni Jumamosi, na sasa ni Alhamisi asubuhi. Akamwita fundi Dabankah, mtu mzima mwenye mizaha.

"Umeizima ukaiwasha, mama?"

"Mara saba."

"Nywila?"

"Ni ileile."

"Basi imekuchoka wewe."

Fundi akachomeka waya, akaisogeza skana karibu na ruta, akafuta mtandao na kuuingiza upya. Wapi! Akafungua orodha ya vifaa vilivyoungwa, na mzaha ukamwisha.

"Mama, nani mwingine anatumia waifai hii?"

"Mimi tu."

"Mbona skana imeshikwa na simu nyingine? Imeandikwa, Simu ya Opanin Agyekum."

"Huyo yuko mochwari," Konadu alinong'ona. "Na simu yake ilitumbukia kisimani mwaka jana. Mtaa mzima ulimcheka."

Dabankah akaifungia. Ikarudi. Akabadilisha nywila, ikarudi kabla hajaondoa kidole. "Mawimbi yake yamejaa," akasema kwa sauti ndogo. "Iko humu humu chumbani."

Akauchomoa waya. Taa haikuzimika. Ikaja harufu ya ugoro, ugoro uleule wa mzee Agyekum, ikapanda kutoka chini ya kifuniko cha skana, kisha kikohozi kimoja kikavu, na mwanga ukaanza kutembea taratibu chini ya kioo kisicho na kitu juu yake, ukienda, ukirudi, huku kwenye kompyuta ikishuka picha ya mzee akitazama mapaja yake matupu, halafu nyingine, mkono wake ukipapasa pale alipokuwa mtoto, halafu ya tatu, ambamo alikuwa ameinua uso na kumtazama Konadu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemkata mwanawe." Konadu alikuwa analia. "Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu, nikamkata."

Akafungua kopo, akatoa kipande cha Dufie, akakiunga kwa gundi na kuilaza picha kwenye kioo. Kompyuta ikalia mlio mmoja: imeungwa. Picha ikaja nzima, na mkono wa mzee ulikuwa umetulia kiunoni mwa mtoto. Konadu akaliandika jina la Dufie pamoja na majina ya wenzake. Harufu ikaondoka.

Ijumaa mkuu wa ukoo alikuja akifoka. "Nani kakutuma?"

"Mwenye msiba, mzee. Mabango yameshabandikwa."

Dufie naye alipita, akaligusa bango kwa kiganja. "Asante, shangazi. Mungu akulipe." Konadu aliinamisha kichwa, na shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Jumamosi binti alishika jeneza pamoja na ndugu zake.

Jumatatu Konadu alifungua duka mapema. Waya ulikuwa sakafuni. Taa ilikuwa inawaka samawati.

Safari hii haukuwa ugoro peke yake. Kulikuwa na marashi, na moshi wa samaki, na poda ya watoto wachanga, na kutoka chini ya kifuniko watu walikuwa wakikohoa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaongoja zamu. Akafungua ile orodha ya vifaa kwenye simu yake. Akasukuma kwa kidole, akasukuma tena, na majina hayakwisha, na kila jina lilikuwa la marehemu aliyemtengenezea bango kwa mkono wake.

Akaketi sakafuni na kulipakata kopo la biskuti. Kisha akachukua chupa ya gundi na kuitikisa. Ilikuwa imebaki kidogo.