Niliiba CV ya Dada Yangu, Kisha Nikamwita Yeye Mwizi

"Mwizi ni yeye!"

Nilisema hivyo huku nikimnyooshea kidole dada yangu. Wa tumbo moja! Aliyenilea tangu mama afariki.

Jamani, msinihurumie. Someni tu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili sina kazi. Dada alifanya kazi ya udobi hotelini miaka tisa. Alianza kwa kupiga pasi, akapanda mpaka usimamizi, halafu hoteli ikafungwa.

Ndipo hospitali moja ikatangaza nafasi... msimamizi wa chumba cha kufulia.

Dada alikaa na CV yake siku tatu. Anaandika, anafuta.

"Usiandike una bidii," aliniambia. "Nani ataandika ni mvivu? Andika ulichofanya."

Yake ilisema: shuka mia nne kwa siku, mashine tatu, watu sita chini yake.

Alipoingia kuoga, nikafungua kompyuta yake. Nikanakili yote. Nikabadilisha jina, picha na barua pepe.

Nikatuma!

Nilijipoza moyo: yeye ana uzoefu, atapata popote. Mimi je?

Nikaitwa kwenye usaili kwa barua pepe. Asubuhi hiyo nikamdanganya dada kuwa naenda kumwona rafiki. Akanipigia pasi blauzi, wala hakuuliza rafiki gani.

Chumbani walikaa wawili: mama wa utumishi mwenye miwani, na mzee mkuu wa usafi. Mbele yao karatasi mbili.

Mlango ukafunguliwa...

Dada!

"Hizi CV zinafanana mpaka nukta," mama wa utumishi alisema. "Mwenyewe ni nani?"

Dada akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi.

Na mimi... ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Hapo ndipo nilipomnyooshea kidole.

Dada aliinamisha macho tu, kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Mzee akakohoa.

"Shuka limelowa damu. Unaliloweka kwenye maji gani?"

Nikawahi! "Ya moto! Ya moto kabisa, yaue vijidudu!"

Mzee akamgeukia dada.

"Baridi," dada alijibu taratibu. "Ya moto yanaigandisha damu. Doa halitoki tena."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaonyeshwa mlango.

Kazi akapewa dada. Jioni nikampigia magoti.

"Dada, nisamehe. Shetani alinipitia."

"Shetani hajui neno la siri la kompyuta yangu."

Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinaniamsha usingizini.

"Nilijua tangu wiki iliyopita. Ulibadilisha kila kitu, namba ya simu ukaacha yangu. Walinipigia wakikuulizia wewe."

"Ulijua?! Mbona hukuniambia?"

"Walitaka kukufuta. Nikawaomba wakuite. Nikawaambia huyo ni mdogo wangu, amechoka kukaa bure, akiulizwa atasema kweli. Wakakubali. Ungekiri tu, ungepewa nafasi ya kukunja shuka. Chini yangu."

Nilibaki pale pale sakafuni.

Nafasi yangu ilikuwepo, jamani! Ilikuwa inangoja neno moja la kweli kutoka kinywani mwangu. Nami kinywa hicho hicho nikakitumia kumchafua aliyeniombea.

"Kuiba naweza kusahau," dada aliniambia. "Kile kidole... sijui."

Wewe unayeandika CV sasa hivi, nisikilize. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Karatasi ya mwenzako itakufikisha mezani, lakini maswali utajibu mwenyewe. Andika cha kwako, hata kiwe mistari mitatu. Na ukikamatwa, usimtwishe mwingine mzigo wako.

Mimi nimeandika yangu. Nusu ukurasa. Kabla ya kukaa bure, niliuza miezi minane katika duka la shangazi la vifaa vya shule: nilipokea mizigo, nilihesabu madaftari, nilituliza wazazi wakali. Basi.

Jana nikampelekea dada. Akaisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu, akasahihisha neno moja.

Akanirudishia.

Hakunitazama usoni.