Mstari wa Mgeni

Namba ya mama ilishuka kwanza, ndipo mama akakohoa.

Msomi, jina la kejeli alilopewa nyumbani tangu digrii yake ikose kazi, alidhani macho yake yamechoka. Alikuwa mezani sebuleni, mchana kweupe, akiandika mchezo wa kompyuta kwa ajili ya shindano ambalo mshindi wake huajiriwa. Mchezo wenyewe ulikuwa nyumba. Kila mtu na kila kitu kilikuwa na mstari wake kwenye jedwali, na thamani yake. Thamani ikibadilika, tukio linafyatuka. Feni ikiwa sifuri, inasimama. Pumzi ikishuka, mtu anakohoa.

Kwa uvivu wa kubuni watu, aliwaingiza wa nyumbani: Mama, Dada, yeye mwenyewe. Mwisho akaacha mstari mtupu, akauita Mgeni. Angemjaza baadaye.

Sasa pumzi ya Mama ilisoma tisini badala ya mia, naye hajagusa kitu.

"Dada," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Dada yake alikuwa anapiga pasi. "Kama si barua ya kazi, sitaki kuona."

Mstari wa Feni ukageuka sifuri. Juu yao feni ikasimama.

"Jini huyo," Msomi alinong'ona.

"Umeme wetu huu nao unahitaji jini?" Dada alicheka, kisha akaona taa ya pasi bado inawaka, akaacha kucheka. Akanusa. "Nimeunguza nini?"

Hakuunguza kitu. Harufu ilikuwa ya nywele mbichi zikiungua, na ilitokea mlangoni.

Msomi akatazama mstari wa Mgeni. Haukuwa mtupu tena. Mahali: mlangoni. Komeo likalia, mlango haukufunguka. Mahali: sebuleni. Pazia likavutika taratibu kama linavyovutwa na mtu anayepita ubavu ubavu asiguse ukuta, na harufu ikapita katikati yao, ikawaacha na ubaridi shingoni, ikaelekea chumbani, na skrini ikasoma: chumbani kwa Mama.

Themanini. Sitini. Arobaini.

"Mwanangu," sauti ya mama ilitoka imekatika, "nani huyu amekaa kifuani kwangu?"

Dada akakimbilia chumbani. Msomi akaandika mia. Ikashuka. Akafuta mstari wa Mgeni, ukarudi. Akauzima mchezo wote, na kikohozi cha mama kikakatika katikati, kimya, hata pumzi haisikiki, mpaka Dada akapiga yowe huko chumbani, "Washa! Washa, boss, please, hapumui!" Msomi akauwasha, na mama akavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

Ishirini.

Hapo hofu ya Msomi ikageuka hasira. Ofisi zote zilimfungia mlango kwa sababu hana uzoefu, halafu hiki kisicho hata na kivuli kinaingia bila kugonga! Akalikumbuka kosa lililomfelisha mtihani: tukio linalojifyatua lenyewe, likazunguka bila mwisho mpaka mhadhiri akacheka darasa zima likisikia. Leo akaliandika makusudi. Mgeni akibadilishwa mahali, mrudishe mlangoni. Na kurudishwa nako ni kubadilishwa. Basi arudishwe tena. Na tena.

Akabonyeza.

Chumbani kitu kizito kilianguka sakafuni, kikaburuzwa sebuleni kikikwaruza saruji, pazia likachanika, na mlango ukajibamiza. Kisha, kwa nje, kugonga kukaanza. Ko, ko, ko, bila kupumzika.

Pumzi ya Mama: thelathini. Hamsini. Mia.

Dada alitoka chumbani machozi yakimtiririka. "Mama analala. Umeme ukikatika je?"

"Laptop ina betri."

"Betri ikiisha?"

"Nitakuwa nimeandika kingine kibaya zaidi."

Dada akachomoa pasi, akamsogezea waya wa chaji bila neno la kejeli.

Msomi akaenda mlangoni, akaegemea mbao zinazotikisika. "Tumepokea maombi yako," alisema taratibu, kwa sauti ileile ya wale waliomwambia yeye. "Usitusumbue. Tutakupigia."

Kugonga kukasita, kama mtu anayewaza. Kisha kukaendelea, ila sasa chini kabisa, usawa wa vidole vya miguu.

Msomi akavuta kiti, akakaa palepale, laptop mapajani.

"Gonga tu," akasema. "Mimi sina pa kwenda kesho."