Vikadi Thelathini na Saba

Ndugu zangu mnaoishi na wenzi na watoto, naomba mnisikilize. Kisa hiki hakikutokea mbali. Huenda kimepita hata kwenye nyumba mliyo jirani nayo.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza wa shule ya sekondari, mtaa mzima ukimwita Kamusi. Jina hilo hakujipa mwenyewe, ingawa hakulikataa. Mtu akitaka barua ya kuomba kazi, hodi yake ilipigwa kwa Kamusi. Jumapili moja alasiri alikuwa kwenye kochi lake, miguu juu ya stuli, redio ikiimba chini chini. Binti yao alikuwa mezani na hesabu za shule, mkewe akikunja nguo. Nyumba ilikuwa imetulia tuli.

Mkewe alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alimweleza mumewe kwamba anataka kuomba nafasi ya shahada ya pili, na chuo kinadai mtihani wa Kiingereza, ule wa maneno magumu ambayo hata wenye lugha yao huyakwepa. Kamusi akacheka kwa mapenzi, akamwambia asihofu, mwalimu anaye ndani ya nyumba.

"Basi tuanze na hili," mke akasema. "Laconic ni nini?"

Kamusi hakulijua. Lakini hakuwahi kusema hajui mbele ya mtu, na hakutaka kuanzia hapo. Akajibu kwamba ni mtu mvivu.

Baada ya siku chache mke alirudi na kamusi nene ya kuazima maktaba. Akamwambia kwa upole, binti akisikia, kwamba neno lile ni la mtu asemaye kwa ufupi. "Nadhani tulilichanganya na jingine," akasema, akijitia na yeye kwenye kosa ili asimwaibishe. Kamusi akatabasamu meno tu.

Tangu hapo nyumba ilijaa vikadi, neno upande huu, maana upande ule. Vilibandikwa kwenye friji, juu ya sinki, pembeni ya kioo cha bafuni. Kamusi akinyoa ndevu, maneno asiyoyajua yanamkodolea macho. Jirani yao, fundi cherehani, alileta barua yake ya kurekebishwa siku moja, akamkuta mke peke yake, akamwachia yeye. Ilikuwa tayari kabla Kamusi hajatoka shule. Fundi alipokutana naye njiani alimpongeza kwamba sasa nyumba yake ina kamusi mbili.

Akaenda kumlalamikia kaka yake, seremala. Alimwambia kwamba mkewe anasoma na mfamasia wa hospitali, mwanamume, tena saa ya chakula, na jambo hilo linamchoma. Kaka akampa pole. Lakini hapa niwaambie ukweli, ndugu zangu. Kamusi hakuwa na wasiwasi wowote na yule mfamasia. Aliona haya tu kukiri kwamba anayaonea wivu maneno yaliyo kichwani mwa mkewe. Kumwonea wivu mwanamume mwenzake kulikuwa na heshima zaidi.

Mtihani ulipobakiza wiki tano, zamu za mke ziliongezeka. Vikadi vilikuwa vimefika mia sita, vingi vimelowa na kufutika. Kamusi akajitolea kuvinakili upya kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Mke alishukuru hadi machozi yakamlengalenga, na majirani wote akawasimulia.

Jumamosi mchana Kamusi alikaa mezani peke yake. Alianza kwa uaminifu. Akafika kwenye magnanimous. Mkewe alikuwa ameandika: mwenye moyo mkubwa, asiyeweka kinyongo. Kamusi aliinua kalamu, akautazama mlango, akaandika: mwenye majivuno. Akajiambia ni kimoja tu. Kikafuata cha pili. Alipomaliza alivichoma vya zamani nyuma ya nyumba.

Mtihani ulifanywa kwenye kompyuta, na alama zikatoka papo hapo. Mke alikosa kiwango kwa alama tatu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani.

"Kichwa changu kimefika mwisho, Mwalimu," akasema. "Samahani nimekupotezea muda wako."

Kamusi alimshika bega. Alikuwa ametarajia moyo wake utapoa sasa. Haukupoa. Alitamani mkewe amlaumu mtu, yeyote yule.

Siku ya nne, akitoka shule, alimkuta mkewe mezani. Vikadi vilikuwa vimepangwa safu, ile kamusi nene imefunguliwa pembeni.

"Maabara tukipata jibu lisiloeleweka, tunakagua kwanza dawa tulizopimia," mke akasema. "Nimevikagua vyote. Thelathini na saba vina makosa."

Kamusi akaushusha mkoba wake kwenye kiti.

"Wewe ni binadamu. Ulikuwa umechoka, na labda mengine huyajui. Niambie tu kwamba ulikosea. Nitaamini, na hatutalizungumza tena."

Angeweza kuponea hapo hapo. Lakini ingembidi akubali mbele ya mkewe kwamba kuna Kiingereza asichokijua, na kabla hajafikiri ulimi ulimponyoka.

"Mimi nikosee?"

Wote wawili walisikia alichokisema: kama hakukosea, basi alikusudia. Mke alivikusanya vikadi taratibu, akavifunga kwa mpira.

"Basi nimekuelewa," akasema.

Hakupiga kelele. Hakwenda kwa wazazi wake, wala hakumwambia binti. Alihamishia vitu vyake chumba cha binti na kusema anataka utulivu wa kusoma. Aliandika vikadi vipya kwa mkono wake, akavifungia kabatini kazini. Kamusi aliomba msamaha mara nyingi, akajibiwa kwa adabu, kama mgonjwa anayeulizia majibu ambayo hayajatoka. Baada ya miezi sita mke alirudia mtihani, akapita kwa alama za juu, akapata nafasi na ufadhili katika mji wa mbali. Akaamua kwenda na binti yake.

Siku ya safari majirani walijaa uani. Fundi cherehani alimshika Kamusi mkono kwa mikono miwili, akatangaza kwamba mama huyu amefika hapo kwa sababu ya mume aliyekaa mezani kumwandikia maneno mia sita. Watu wakapiga makofi. Kamusi akamtazama mkewe, akitumaini atasema kitu, hata cha kumwaibisha. Mke alikuwa anafunga zipu ya begi.

FUNZO

Wivu wa mapenzi tunaujua na tunausema waziwazi. Huu wa kumwonea mtu wa nyumbani mwetu kwa sababu anatupita, tunauficha nyuma ya visingizio, nao hutumaliza kimya kimya. Kusema "sijui" hakumpunguzii mtu heshima. Kamusi angelisema hivyo Jumapili ile, wangelitafuta lile neno pamoja. Nawe unayesoma haya, mwenzako akianza kukupita, mpishe, na ikiwezekana mbebee vitabu.