Misumari ya Torbjörn

Haya yalimkuta rafiki yangu Ingela, ambaye tangu siku hiyo hajavaa tena viatu vya kuteleza kwenye barafu. Alikuwa akivuka ziwa lililoganda kumrudishia Gunvor misumari ya marehemu mumewe, Torbjörn, ile jozi yenye vipini ambayo kila mtelezaji huivaa shingoni, ili akitumbukia aikite kwenye barafu ajivute nje. Alikuwa ameiazima kwa Torbjörn mwaka uliotangulia, akachelewa kuirudisha. Torbjörn akatumbukia shingo tupu.

Katikati ya ziwa, giza la alasiri, ambalo huko huwahi kuingia majira ya baridi, likamfunika. Barafu ililia kwa mbali, kama ilivyo kawaida yake. Halafu akasikia mkwaruzo chini ya miguu yake, kwaru, kwaru. Akienda, unaenda, akisimama, unasimama.

Gunvor hakumkaribisha ndani.

“Mwaka mzima, bibi wee, ndiyo umekumbuka leo?”

“Nilishindwa kukutazama usoni, Gunvor.”

“Na yeye alishindwa kutoka. Lete hapa.”

Akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa ya mlangoni.

“Hii ilikuwa mipya kabisa. Umeifanyia nini?”

Ingela hakuwa ameitumia hata siku moja. Ncha zote mbili zilikuwa zimelika hadi kwenye vipini.