Nduma za Mama Mkwe

Zilibaki siku mbili Krismasi ifike. Truphena alikuwa anachagua mchele mlangoni kwake, mtaani Mowlem, simu ilipolia. Alikuwa mama mkwe wake kutoka Kariobangi.

"Truphena, tutakuja sote. Lakini usinipikie. Nitabeba nduma zangu za kuchemsha."

"Mama, hata pilau hutaonja?"

"Ya mwaka jana ilinitosha, mwanangu."

Aibu ilimpanda Truphena hadi masikioni. Mama mkwe aje na chakula chake Krismasi! Afadhali angemtukana tu.

Mwaka jana wageni walikula, wakasifu, wakaomba waongezewe. Kabla ya jua kutua walikuwa wamepanga foleni chooni. Mama mkwe alitundikiwa maji kliniki. Truphena alimlaumu mwenye bucha, hata akahamia bucha nyingine.

Jirani yake Mwongeli, mpishi wa shule ya bweni, alikuwa anaanika nguo.

"Mama Winny, mbona umenuna hivyo?"

Truphena akamweleza yote.

"Hiyo pilau uliipika lini?" Mwongeli akauliza.

"Jioni ya mkesha. Krismasi asubuhi niko kwaya, si unajua? Nikaifunika vizuri, ikalala mekoni. Kesho yake nikaipasha moto."

"Basi wacha kumsingizia mtu wa bucha!"

"Lakini niliipasha mpaka ikatoa mvuke!"

"Sikiza. Sufuria kubwa hubaki na uvuguvugu usiku kucha. Vijidudu hupenda hapo, vinazaliana kwa wali. Vingine huacha sumu, na hiyo sumu haiondoki ukipasha moto. Huioni, wala huisikii harufu. Sisi shuleni, wali ukikaa nje zaidi ya muda wa saa mbili, hatumpi mtoto."

Truphena alishika tama. Kumbe ni yeye aliyewalaza watu!

"Sasa niache kuimba?"

"Uimbe! Kwani Sylvance hana mikono? Mkesha fanya zile kazi kavu. Twanga viungo. Pika chapati, zikipoa zifunike na kitambaa safi. Hizo zinalala bila shida. Nyama na mchele ni za siku yenyewe."

Sylvance, mumewe, aliposikia aliruka. "Mimi? Kupika Krismasi? Watu wa Kariobangi wakinipata na mwiko je?"

"Wakupate," Truphena akamjibu. "Ama wampate mama yako akila nduma peke yake."

Sylvance akauliza vitunguu vinakatwaje.

Siku ya Krismasi alienda ibada ya kwanza. Akarudi, akajifunga leso ya mkewe kiunoni, akachemsha nyama na kukata vitunguu huku machozi yakimtoka. Nyama ilitoka kwa yule mwenye bucha wa zamani. Truphena alikuwa amemwomba msamaha, na mpaka leo mtu huyo hajui alikosewa nini.

Saa sita Truphena alifika mbio, bado amevaa joho la kwaya. Akanawa mikono, akakaanga vitunguu na viungo, akatia nyama, supu na mchele. Wageni walipobisha hodi, sufuria ilikuwa bado motoni. Mama mkwe aliketi, mkebe wake wa nduma mapajani. Harufu ikamfikia. Alijikaza, lakini pua haina adabu.

"Mama," Truphena akasema, "pilau imeiva sasa hivi. Njoo uifunue mwenyewe."

Mama mkwe akafunua. Mvuke ukaziba miwani yake.

"Imepikwa leo?"

"Leo hii, Mama. Na mwanao amesaidia."

Mama mkwe alimtazama Sylvance na leso yake, akacheka mpaka akashika mbavu. Nduma akawapa watoto. Yeye akala sahani mbili.

Wakati wa kuondoka alimpa Truphena mkebe mtupu. "Nijazie pilau, nile kesho."

Truphena alikuwa amengoja maneno hayo mwaka mzima. Roho ilimuuma kukataa.

"Hapana, Mama. Huna friji kwako. Pilau inaliwa leo."

Akaujaza mkebe chapati za mkesha. Mama mkwe alizitazama, kisha akamtazama yeye.

"Basi pilau nitaifuata hapa hapa Mwaka Mpya," akasema. "Na sitabeba kitu."