Mwamvua Wawili, Mstari Mmoja

Badria anakaa Ng'ambo, mjini Unguja. Kila asubuhi hutia chai, hufungua kompyuta, na hutazama tovuti aliyowatengenezea wakulima wa mwani wa Paje. Mkulima hujiandikisha kwa simu: jina lake, la baba yake, na namba ya simu. Ukurasani huonekana namba za simu tu. Waliomo ndio watakaogaiwa mashamba mapya ya maji ya kina. Orodha inafungwa Alkhamisi jioni.

Jumatatu alipiga simu mama yake mdogo. Jana alijiandikisha na kuiona namba yake, leo haipo. Mwani wake wa ufukweni umekufa kwa joto la maji. Akilikosa shamba hilo hana pa kushika. Badria akamwambia ajiandikishe tena. Namba ikarudi. Haya, kumbe mtandao tu!

Mtandao wapi. Jumanne akapiga simu shangazi yake, na yeye kafutwa. Akajiandikisha tena, akaingia. Jumatano asubuhi mama mdogo katoka tena orodhani.

Badria akachanganyikiwa. Akabadilisha nywila, akauandika upya ukurasa, akazima, akawasha. Mwisho hakujua tena kipi kakigusa na kipi hajakigusa. Alitaka kulia.

Akamwendea jirani yake Bi Ulfat, fundi wa programu wa miaka mingi. Akamwamkia, akamweleza yote.

"Mwanangu, wewe unabahatisha," alisema Bi Ulfat. "Ukurasa ni dirisha tu. Vitu vimo ghalani. Ghala umelitazama?"

Hakulitazama. Ghala lenyewe ni hifadhidata, mahali taarifa zote zinapowekwa, kila mtu na mstari wake. Bi Ulfat akamwambia atoe nakala kwanza, kisha kwenye nakala hiyo afanye jambo moja moja na kutazama. Badria akafuta majina yote, akamwandika mama mdogo. Mstari mmoja. Akamwandika shangazi. Mstari ule ule mmoja, namba ya simu tu imebadilika.

Jina: Mwamvua Makungu.

Lo! Wazazi wa Badria ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo wajukuu hupewa majina ya mababu na mabibi. Lakini yeye tangu azaliwe hajapata kuwaita wakubwa hao kwa majina yao. Mmoja mama mdogo, mmoja shangazi, basi.

"Nani kaiambia kompyuta kuwa jina moja ni mtu mmoja?" aliuliza Bi Ulfat.

"Mie," Badria alijibu taratibu. "Nilitaka mtu asijiandikishe mara mbili."

"Basi imekutii. Majina hufanana. Mpe kila mtu namba ya uanachama, asiyokuwa nayo mwengine."

Badria akafanya hivyo. Akaijaribu nakala mara tatu, ndipo akaigusa tovuti yenyewe. Alkhamisi adhuhuri Mwamvua wote wawili walikuwemo, kila mmoja na mstari wake.

Walipogaiwa mashamba, Badria alikwenda Paje. Mama mdogo alikuwa ndani ya maji, anafunga kamba zake mpya.

"Nshaambiwa mie ni namba kumi na nane," alisema. "Sawa. Lakini wewe niite mama mdogo."