Mtoto Aliyeombwa na Jirani

Kile kidude kililia saa saba mchana, juu ya meza, wakati simu yake ilikuwa Korogwe.

Hilo ndilo lililomshtua Munira. Kompyuta ile ya kiganjani, ambayo mumewe Adamu alipewa na mradi wa mifugo aandikie chanjo za ng'ombe, haikuwa na mtandao wake yenyewe; mpaka uielekeze kwenye simu, zitazamane, ndipo itume na kupokea. Na simu ilikuwa mfukoni mwa Adamu, mbali na pale Chanika. Ujumbe ukaingia hata hivyo: "Mtoto amepaliwa." Munira akakimbilia chumbani, akamkuta Hiza, wa miezi minne, macho yamemtoka, maziwa yanatoka puani.

Aliyeandika alijiita Jirani.

Adamu alikuwa na marafiki arobaini wa kuchati nao mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyemjua kwa sura. Wafugaji aliwaita washamba mbele ya macho yao, na Naisenya, mama aliyewaletea maziwa kila asubuhi, hajapata kumuuliza jina. Lakini akitokea mtu huko hewani akaomba urafiki, anamkubali kabla hajamaliza kusoma. Jioni hukaa barazani anagotagota kioo kwa kalamu ya plastiki, anacheka peke yake, wapita njia wamwone. Munira alimwonea aibu.

Alipomweleza habari ya ujumbe ule, Adamu alicheka mpaka akakohoa. Kidato cha nne chote kile, alisema, na bado mtu anaogopa betri. Jirani ni muungwana, anamwelewa kuliko yeyote katika mji huu wa vumbi.

"Anaishi wapi?" Munira aliuliza.

"Karibu tu."

"Karibu wapi?"

"Hajasema. Kwani lazima aseme?"

Siku zilizofuata ikaja harufu, ngozi mbichi iliyochanganyika na marashi, inatoka kwenye ile kona ya kabati, ukifungua dirisha inazidi, na mchana Munira akiwa jikoni alisikia kalamu inagota kioo, tik, tik, tik, na kalamu yenyewe Adamu kaondoka nayo, akirudi chumbani anakuta kioo cheusi na Hiza kageuza shingo anatega sikio, kama anayesomewa kitu, na ziwa hataki, anamcheka mtu aliyeko nyuma ya kabati ambako hakuna mtu, kisha hata kucheka akaacha, na kila Munira alipomnyanyua alimwona mwepesi kuliko jana, mwepesi, mwepesi, mpaka siku moja alimfunga mgongoni akasahau kama kambeba, akaanza kumtafuta nyumba nzima.

Siku hiyo akakiwasha kidude mwenyewe, akasoma yote.

"Mwanao mzuri," Jirani alikuwa ameandika. "Nipe."

Na Adamu akajibu: "Mchukue tu, makelele yake yamenichosha."

Utani ule kila mzazi anaujua. Mtu anasifia mtoto, anamwomba, unamwambia mchukue, mnacheka, anakwenda zake. Lakini anayeomba huwa umemwona uso.

Munira alituma mtu akamwite Bi Mwaija, shangazi wa mama yake, mganga kule Magoma. Bi Mwaija alifika kesho yake, akanusa tangu mlangoni, akaufunga tena mkoba wake bila kutoa kitu. Hakuna cha kufukuza, alisema. Huyu hakuvunja mlango, kapewa. Aliyempa ndiye amnyang'anye, kwa njia ileile aliyompa.

Adamu alirudi kula, akampita bibi bila salamu. Alipoelezwa akatabasamu kama anayeongea na mbuzi.

"Bibi, hii mashine imetoka Marekani."

"Basi kuandika hakutakushinda, baba."

Akaandika, kwa mzaha, mguu juu ya mguu: "Nilitania. Namtaka mwanangu." Jibu likaingia kabla hajainua kalamu.

"Sawa. Nani badala yake?"

Adamu akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa imezimwa. Hakumtazama mtu, alikigeuza kidude upande, akakikinga kwa bega, akaandika maneno mawili. Munira alikuwa kasimama nyuma yake, mtoto begani, akayasoma.

"Mama yake."

Hofu yote ya wiki mbili ikamtoka Munira palepale, ikabaki dharau tupu. Huyu ndiye aliyemwita mume. Akamtoa kalamu vidoleni kabla hajatuma, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akafuta neno moja, akaandika lingine. Baba yake. Akatuma.

"Munira," Adamu alinong'ona, "nilikuwa natania."

"Najua. Wewe kazi yako utani."

Harufu ikakatika. Hiza akakohoa, akalia, kilio kikavu cha njaa, na uzito wake ukamrudia ghafla hata Munira akayumba. Akakaa sakafuni, akampa ziwa, na mtoto akalivamia.

Adamu akasimama. Akatoka peku, viatu akaviacha, jua la utosi, akashika njia ya mbugani. Alitembea kainamisha kichwa upande mmoja, kama anayesemezwa sikioni, na kila hatua mbili tatu alitikisa kichwa kukubali.

"Usimwite," Bi Mwaija alisema kwa sauti ya chini, ameshika mlango.

Munira alikuwa anamfuta mwanawe jasho.

"Nani anamwita?"